Orodha ya Marejeo Niliyoiharibu

Kibiti, baada ya sala ya alasiri

Hadija mwanangu,

Umekwenda Mahege kumuaga bibi yako mzaa baba kabla ya safari yako ya kesho, na najua hatakuachilia mpaka uwe umekula. Nimefunga duka mapema. Wateja hawajazoea, wawili wameshagonga dirisha. Wagonge. Nimekaa nyuma ya mashine ya kopi na kalamu mkononi, kwa sababu haya sitaki kuyachapa. Kinachochapwa hubaki kwenye kompyuta, na mtu mwingine anaweza kukifungua, akakibadilisha, akakifunga, na mwenyewe asijue. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote hapa Kibiti, na barua hii itakwambia nimelijuaje.

Mambo ya chandarua na kula kwa wakati sikuandikii. Baba yako ameshayasema na shangazi zako wanayarudia sasa hivi. Nataka kukueleza habari za mtu mmoja anayeitwa Idrisa. Hujawahi kusikia jina hilo kinywani mwangu. Nimekuwa nikilitafuna peke yangu tangu kabla hujazaliwa.

Unajua nilisoma chuo cha kilimo na sikumaliza. Ukiulizwa shuleni ulikuwa unasema mama aliugua. Ndivyo nilivyokwambia wewe, na ndivyo nilivyomwambia Bi Siwatu, bibi yangu aliyenilea kule Kiongoroni. Sikuugua, Hadija. Nilifukuzwa kwa wizi wa maandishi.

Mwaka wa pili kila mwanafunzi alitakiwa kufanya utafiti mdogo na kuuandikia ripoti. Wenzangu walichagua mahindi na mbolea. Mimi nikachagua nilichokijua: namna wanawake wa Delta, huko kwetu mto unakoingia baharini, wanavyotambua kwamba chumvi ya bahari imeanza kuingia shambani, kabla mpunga wenyewe haujaonyesha dalili. Bi Siwatu alikuwa bingwa wa hilo. Alionja tope kwa ncha ya ulimi kabla hajainua jembe. Alitazama mashimo ya kaa kwenye kingo za shamba, yamehamia upande gani, yameongezeka au yamepungua. Alijua ni nyasi gani hutangulia kukauka na ipi hufuata. Nilikua nikiyaona hayo kutoka juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunachokaa kuulinda mpunga na ndege na nguruwe, na wala sikudhani ni elimu. Nilidhani ndivyo bibi alivyo.

Idrisa tulikuwa darasa moja. Mtu wa mjini, mpole, mwandiko wake mzuri kama wa karani. Alisema hajawahi kuiona Delta, na likizo fupi ilipofika nikampeleka. Tukapanda boti Nyamisati, tukashuka Kiongoroni, bibi akampokea kama mjukuu. Tulikaa siku tatu. Mimi nachota maji na kupika, yeye yupo mkekani na daftari, anamuuliza bibi: jina lako kamili nani, umezaliwa kijiji gani, shamba hili umelilima misimu mingapi. Kila jibu anaandika, na tarehe juu.

Nikamcheka. "Unamwandikia bibi hati ya kusafiria?"

"Mwalimu alisema tuandike chanzo," akajibu.

"Chanzo ni bibi yangu. Nani hamjui?"

Akatabasamu, akaendelea kuandika.

Tuliporudi chuoni niliandika rasimu kwa mkono, nyingi, nikizifuta na kuzirudia. Idrisa akaomba anisomee anirekebishie tahajia. Akakaa nazo wiki nzima. Aliponirudishia alinisifu mpaka nikaona haya. Nikapeleka zikachapwa, na zile za mkono nikawashia jiko la mkaa bwenini, maana kwangu zilikuwa zimemaliza kazi. Nikawasilisha ripoti siku ya mwisho. Yeye alikuwa ameshawasilisha ya kwake siku mbili kabla.

Tuliitwa pamoja mbele ya kamati. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mkali lakini si mwonevu, na mpaka leo siwezi kumlaumu. Mezani kulikuwa na ripoti mbili. Aya kwa aya zilifanana. Akaanza na mimi.

"Haya uliyapata wapi?"

"Kwa bibi yangu."

"Yameandikwa wapi kwamba ni ya bibi yako?"

Nikafungua ripoti. Nilikuwa nimeandika: wazee husema. Kila mahali, wazee husema, inaaminika, tangu zamani. Hapakuwa na jina hata moja.

"Wazee gani?" akaniuliza.

Akafungua ya Idrisa, akasoma kwa sauti ukurasa wa mwisho: Siwatu, mkulima wa mpunga, mahojiano na mwandishi, Kiongoroni, na tarehe, na siku ya pili tena tarehe, na siku ya tatu. Akamuuliza Idrisa kama alifika kule mwenyewe. Akasema alifika, akatoa daftari, na kweli alifika, nilimpeleka mimi. Nikasema nilimpeleka mimi. Akasema kwa upole wake ule ule kwamba ni kweli, mimi, Somoe, nilimsindikiza, na ananishukuru.

"Alinisindikiza." Hadija, neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Kwa bibi yangu, kwenye shamba nililozaliwa pembeni yake, nilikuwa msindikizaji.

Nikafutiwa masomo. Ripoti yangu ikafutwa kwenye daftari la chuo pamoja na jina langu. Nikavuka kivuko kurudi nyumbani nikiwa na sanduku langu na barua moja iliyosema kwamba mimi ni mwizi.

Utaniuliza kwa nini sikuandika jina la bibi. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko wewe utakavyoniuliza. Niliona aibu. Niliona kwamba kumwandika Bi Siwatu kwenye orodha, jina kwanza, kazi yake, mahali, tarehe, ni kumfanya mtu baki. Unamwandika hivyo mtu usiyemjua. Na lingine, hili ni baya zaidi: niliogopa walimu wakiona chanzo changu ni bibi asiyejua kusoma, wataishusha ripoti. "Wazee" likaonekana neno zito. Siwatu likaonekana jina dogo.

Basi hayo ndiyo yaliyonifanya niwe hivi nilivyo. Ulikua ukiona watu wanakuja dukani kutoka Ikwiriri, kutoka Utete, walimu, manesi, maofisa wanaosoma huku wakifanya kazi, wananiletea tasnifu zao niwapangie marejeo. Wakiniita Somoe wa Marejeo ulikuwa unacheka. Ulidhani napenda kazi. Sikuwa napenda. Nilijifunza jina la ukoo linakaa wapi na herufi ya kwanza wapi, mwaka unaingia kwenye mabano lini na lini hauingii, mstari wa pili unasogezwa ndani kiasi gani, kichwa cha kitabu kinaandikwa kwa herufi za kulala na cha makala kwa za kusimama, mahojiano yanaandikwaje. Nilijifunza kama mtu anayenoa kisu. Mtu akiniletea kazi yenye "wataalamu wanasema" nilikuwa namrudishia mbele ya wateja. "Wataalamu gani, mwalimu? Hawana majina?" Nilikuwa naona raha wakiona haya. Raha ile haikuwa nzuri, na nilijua kwamba si nzuri.

Halafu Idrisa akaja.

Ulikuwa darasa la tano. Aliingia dukani asubuhi, begi mgongoni, suruali imekauka chumvi mpaka magotini. Alikuwa ametoka Delta, kompyuta yake imeingia maji kwenye boti, ila kazi yake ilikuwa kwenye flashi. Mimi nilikuwa nimefunga ushungi, nimevaa miwani, na mwili wangu wa chuoni ulikuwa umeshaniaga. Hakunijua.

"Mama, shikamoo," akasema. Tulikuwa rika moja.

"Marahaba."

"Nimeambiwa wewe ndiye fundi wa marejeo. Nina tasnifu ya uzamivu, msimamizi wangu anaitaka kesho ofisini kwake. Maandishi yamekamilika. Orodha ya mwisho tu imevurugika, na nukuu za ndani hazilingani nayo."

Nikamjua kwa sauti kabla sijamwangalia vizuri. Ule upole. Nikapokea flashi, nikamwambia aje baada ya adhuhuri. Alipotoka niligeuza kibao cha mlangoni, nikafunga, nikanakili faili kwenye kompyuta yangu, nikalifungua.

Sura ya nne ilikuwa mimi. Maneno yangu ya ujana, hata makosa yangu. Niliwahi kuandika kwamba tope la chumvi "linakwaruza ulimi kama shati jipya shingoni", na mwalimu wangu mmoja alinicheka kwa sentensi ile. Ilikuwapo, neno kwa neno. Na chini yake, kwenye mabano, chanzo: jina lake mwenyewe. Alikuwa amejinukuu. Alikuwa amenukuu ile ripoti aliyoniibia, na sasa aliyoniibia yalikuwa yake kwa ushahidi wa maandishi yake.

Mikono ilitulia, Hadija. Watu husema mikono hutetemeka. Yangu ilitulia kabisa. Kwanza nikajiandika. Mkumba, S., ripoti ya utafiti ya mwaka wa pili, haikuchapishwa, na jina la chuo. Herufi ya M, nikajipanga mahali pangu sawasawa. Kisha nikarudi sura ya nne, na kila palipokuwa na maneno yangu nikaweka mabano: Mkumba. Mara kumi na moja. Hiyo ilikuwa haki. Hayo yote yalikuwa ya kweli, na laiti ningeondoka kwenye kiti pale pale nikaenda kuswali.

Sikuondoka. Niliona haitoshi. Niliona orodha ile ni ndefu, kurasa sita, na hakuna mtu anayesoma orodha. Nikaanza kucheza nayo. Nikabadilisha namba za kurasa za vitabu viwili vitatu. Nikahamisha miaka, cha huyu nikampa yule. Nikafuta waandishi wa pili na wa tatu. Halafu nikatunga kitabu ambacho hakipo duniani, nikakipa mwandishi, nikamwita Mwivi, I. Sisi wa huku hatusemi mwizi, tunasema mwivi, na niliona yeye asiye wa huku hatashtuka. Nikamweka chini yangu kidogo tu kwenye orodha. Nikacheka peke yangu ndani ya duka lililofungwa.

Alirudi, akachukua nakala, akatazama kurasa za mwanzo, akasifu. "Mungu akubariki, mama." Akaondoka.

Miezi ile niliyongoja ndiyo miezi ya furaha kuliko yote niliyoishi katika duka hili. Ulisema nimeanza kuimba nikifua. Baba yako aliniuliza kuna nini, nikamwambia kila kitu, kwa mara ya kwanza. Akasikiliza mpaka mwisho. "Umeandika jina lako, vizuri," akasema. "Hayo mengine uliyaongeza ya nini?" Nikamwona hana uchungu na mimi. Sikusema naye siku nne.

Idrisa alirudi kabla ya mfungo. Dukani kulikuwa na walimu wawili na mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Hakuniita mama.

"Somoe," akasema.

"Karibu."

"Nilipoliona jina lako kwenye orodha, mbele ya watahini, nilijua ni nani." Alikuwa anasema polepole, hana hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Nataka ujue lilivyokuwa. Tulikaa chumba cha utetezi wa tasnifu, mtahini wa nje akafungua moja kwa moja kwenye marejeo. Swali lake la kwanza: huyu Mkumba ni nani, mbona sura ya nne yote imesimama juu yake, na ripoti yake iko wapi? Walikuwa wananiangalia. Nilikuwa nimekwisha."

Walimu wale waligeuka wakatutazama.

"Halafu akashusha kidole," akasema, "akamkuta Mwivi. Akauliza kitabu hiki kimechapwa wapi. Nikajua pa kutokea. Nikawaonyesha faili langu la mwanzo lililobaki kwenye flashi, wakalinganisha, wakaona mkono wa mchapaji. Kurasa zimebadilishwa, miaka imebadilishwa, waandishi wamefutwa. Wakanipa mwezi mmoja nisafishe. Nimesafisha."

"Na mimi umenisafisha?"

"Wewe ulikuwa kwenye uchafu ule ule. Wangejuaje kipi ni kipi?"

Nikamwambia mbele za watu kwamba yeye ni mwivi, na anajua. Akasema, "Labda. Lakini nani atakuamini sasa?" Akaweka juu ya kaunta ile nakala niliyomchapia, imejaa duru za kalamu nyekundu, akatoka.

Alisema kweli. Hilo ndilo lililonichoma na linanichoma mpaka leo ninapoandika. Kama ningeacha mstari ule mmoja wa kweli peke yake, ungemwangusha. Nilikuwa nimemshika. Niliuzungushia uongo mwenyewe, kwa mikono yangu iliyotulia, nikampa mlango. Walimu wale wawili hawakurudi. Habari zilifika Ikwiriri kabla ya jua kuzama. Kwa karibu mwaka mzima sikuletewa tasnifu hata moja, nikawa natoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Hapo ulikuwa na umri wa kuona lakini si wa kuuliza.

Nikaenda Kiongoroni. Nilitaka kwenda kwa mtu atakayenionea huruma. Bi Siwatu alikuwa ameshazeeka, halimi tena, anakaa uani anapepeta mchele wa watu kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote tangu boti ya kwanza. Kwamba sikuugua. Kwamba yule kijana aliyelala kwetu siku tatu alichukua maneno yangu na ya bibi mwenyewe akayafanya mali yake. Alisikiliza akipepeta. Mwisho akauliza jambo moja.

"Yule kijana, jina langu aliliandika?"

"Aliliandika, bibi."

"Akaandika Siwatu?"

"Siwatu, na Kiongoroni, na siku alizokuja."

"Na wewe uliandikaje?"

Nikatazama ungo. "Niliandika, wazee husema."

Akaacha kupepeta. "Wazee gani?"

Swali lile lile, mwanangu. La mama wa kamati, limevuka maji yote yale, na sasa linatoka kwa mwenyewe.

"Yule mwivi," bibi akasema. "Mungu atamlipa. Lakini mimi kaniandika. Wewe niliyekulea ukaona mimi ni aibu."

Sikujua kwamba bibi yangu naye anaweza kushika kitu moyoni kama mimi. Nilidhani nilirithi kwingine. Nilikaa naye juma zima, na kila nilipomuuliza jambo la shamba, tope, nyasi, mbegu ipi inavumilia, alijibu kwa upole: "Kawaulize wazee." Nikacheka mara ya kwanza. Hakucheka. Nilirudi mwaka uliofuata na daftari, nikamwambia, bibi, nimekuja kuandika, jina lako juu kabisa. Akasema, "Kawaulize wazee." Alinipa chakula, alinipa udi wa kufukizia nguo, aliniombea dua, na la shamba hakuniambia tena hata moja mpaka anafariki. Ulikuwepo mazikoni. Uliniona nalia ukadhani nalia msiba peke yake. Alikwenda na mengi ambayo hakuna mtu aliyeyaandika, na hakuyaacha kwa sababu yangu.

Ungedhani hapo nilipata akili. Nilipata kidogo. Nilianza upya duka, nikawa napanga marejeo ya watu bila kuongeza hata nukta isiyo yao, na watu wakarudi mmoja mmoja. Lakini Idrisa sikumsamehe. Nilimfuatilia kwenye simu. Alipopata kazi ya kufundisha chuo kikuu nilijua. Alipopanda cheo nilijua. Nilisoma kila alichochapisha, nikaenda mwisho kwanza, kwenye orodha, na kila mara nilimkuta Bi Siwatu amekaa pale kwa adabu kwenye herufi ya S, na mimi kwenye herufi ya M simo.

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya nifunge duka.

Ulipomaliza kidato cha sita tulijaza maombi ya chuo hapa hapa dukani, kwenye kompyuta hii. Wewe ulisema uuguzi. Umesema uuguzi tangu siku ulipomwona yule nesi wa Kibiti akimzalisha mama mdogo wako. Ukaniachia nimalizie kujaza, kwa sababu uliniamini, na kwa sababu mimi ndiye fundi. Nilijaza uuguzi, Hadija. Lakini niliuweka wa pili. Wa kwanza niliweka kilimo na maendeleo ya vijijini, kwenye chuo ambacho yeye anafundisha. Nilijiambia ni kwa ajili ya bibi, shamba, Delta. Uongo. Nilitaka mtu wa damu yangu akae kwenye darasa lake. Una jina la baba yako, asingekujua. Akilini nilikuona unakaa mbele, unamsikiliza miaka mitatu, unajifunza njia zake zote, halafu siku moja unaandika kazi ambayo ataisahihisha yeye mwenyewe, na kwenye ukurasa wa mwisho nimo.

Na majibu yalipotoka, yalikuja kwenye simu yangu, kwa sababu namba niliyoijaza ni yangu. Vyuo vyote viwili vilikuchukua. Nikakwambia umechaguliwa kilimo. Ukauliza, na uuguzi je? Nikasema hukupata. Ulisema "Alhamdulillahi, hata hiki ni chuo," ukaenda nyuma ya jiko. Nilikusikia. Nilikaa mbele ya kompyuta nikathibitisha kilimo kwa mkono wangu.

Nilifanya kwako kile nilichofanyiwa. Nilichukua kilichokuwa chako nikakiandika kwa jina la haja yangu. Na nilifanya pia kile nilichokifanya mimi kwenye orodha ile: niliweka uongo pembeni ya kweli, nikategemea kwamba hakuna anayesoma.

Sikuombi unihurumie. Nakueleza ilivyokuwa, na nani alisema nini, na wapi, kwa sababu ndiyo kazi pekee ninayoijua.

Nimeulizia. Mfumo wa udahili unaruhusu mtu kufuta uthibitisho wake na kuthibitisha chuo kingine, na mwisho wake ni Ijumaa hii. Ndani ya bahasha nimekuwekea karatasi ya pili. Nimenakili ujumbe wa chuo cha uuguzi kama ulivyokuja, neno kwa neno, na namba ya siri ya kuthibitisha, na siku na saa ulipoingia kwenye simu yangu, na chini nimeandika: umenakiliwa na Somoe Mkumba, mama. Nimeulinganisha na simu mara tatu. Tarakimu zote ni za kweli. Basi la kesho linakwenda Dar es Salaam kwa vyovyote, na huko ndiko vyuo vyote viwili viliko. Ukishashuka utageuka upande unaoutaka.

Nitakwambia na hili, ili usije ukalisikia kwenye sauti yangu ukadhani nimekuficha. Bado nataka uende kwake. Nikiandika hapa moyo wangu unasema, mwache aende, mwache akae mbele. Ukienda uuguzi nitakuwa na hasira, na hasira hiyo haitakuwa juu yako, na wewe usiibebe hata ikikukuta kwenye simu. Idrisa ni wangu. Nilimpeleka mwenyewe Kiongoroni, nilimwachia mlango mwenyewe. Siku nikiwa tayari nitamwandikia barua ya ukurasa mmoja, yenye mambo yaliyotokea tu, na nakala kwa mkuu wa chuo chake. Nimeshaianza mara tano. Kila mara naona mkono unataka kuongeza kitu, nachana.

Na kama siku moja, popote utakapokuwa, kwenye wodi au kwenye shamba, mama mmoja asiyejua kusoma akikwambia jambo ambalo vitabu havijui, muulize anaitwa nani. Muulize kabla hujaondoka. Atacheka kama nilivyocheka. Andika.

Nasikia bodaboda inasimama nje na sauti yako unaagana na dereva. Nilitaka kukuwekea bahasha hii kwenye begi, uikute ukiwa umeshavuka Mkuranga, nisiuone uso wako ukisoma. Nimebadili shauri. Nafungua mlango wa duka, nakupa mkononi, na nitakaa hapa hapa kwenye kiti mpaka umalize.

Mama yako,
Somoe Mkumba